Simu haiwaki, au inawaka na kujizima: pa kuanzia kabla hujafuta kitu

Mtu akikuambia "simu yangu imekufa", bado hajakuambia kitu. Kuna simu iliyokaa kimya kabisa, kuna inayoonyesha alama ya betri na kuzima tena, kuna inayong'ang'ania kwenye nembo ya kampuni, na kuna inayowaka vizuri halafu ikajizima katikati ya mazungumzo. Zote zinaitwa zimekufa, na kila moja ina dawa yake. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, itazame kwanza: inafika wapi ndipo inakwama? Hapo inapokwama ndipo pa kutafutia.

La pili ni mpangilio. Hatua zilizo hapa chini zinaanza na zile zisizofuta chochote na kuishia na zile zinazofuta kila kitu, na sikushauri uruke. Nimeona picha za miaka zikifutwa kwa tatizo ambalo kumbe lilikuwa kwenye waya wa chaji. Kumbuka pia kwamba simu za siku hizi, iwe iPhone au Android, huhifadhi data zake kwa usimbaji, yaani zimefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu yenyewe. Fundi hawezi kuchomoa chipu ya memori na kuisoma kwingine kama zamani. Ili picha zitoke, simu lazima iwake na nenosiri liingizwe. Ukifuta, umefuta.

Hali tatu za kutojaribu chochote

Betri iliyovimba. Utaiona kioo kikiinuka upande mmoja, au mgongo wa simu ukiachana na fremu, au simu ikilazwa mezani inachezacheza kama kiti chenye mguu mfupi. Usiichaji. Usiibane irudi mahali pake, na usiitoboe "kutoa hewa": hewa hiyo ni gesi inayotokana na kemikali za ndani kuvunjika, na betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto hapo hapo. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuzirudisha simu zote za Galaxy Note 7 na kuacha kuzitengeneza kwa sababu ya betri zilizokuwa zikiwaka moto. Kama yako bado inawaka, izime, iweke juu ya kitu kisichoungua, mbali na jua, kisha ipeleke ikabadilishwe betri.

Maji. Simu ikitoka majini, watu wengi hukimbilia kuichomeka kwenye chaji ili waone kama bado ni nzima. Hapo ndipo inapouawa. Maji yakikutana na umeme juu ya bodi (kile kibao cha ndani chenye saketi za simu), kutu huanza kula njia za umeme na vipande vidogo huungua. Izime. Toa laini na memori kadi. Igongegonge taratibu kiganjani, tundu la chaji likiangalia chini, kisha iache mahali pakavu penye hewa inayopita. Kukauka kabisa kunaweza kuchukua hadi saa 24. Kuhusu mchele, Apple yenyewe inakataza kwenye maelekezo yake, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia na kuharibu simu. Inakataza pia kikausha nywele na kuchomeka pamba ndani ya tundu. Yakiwa ni maji ya bahari au kinywaji chenye sukari, usingoje ikauke. Maji yataondoka, chumvi na sukari zitabaki. Hiyo ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa mapema iwezekanavyo. Kama hujui iwapo maji yaliingia, toa kitreyi cha laini umulike ndani kwa tochi: simu nyingi zina kijikaratasi cheupe hapo kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji.

Joto. Simu iliyoachwa ndani ya gari juani inaweza kukataa kuwaka hadi ipoe. Apple imeweka kiwango cha kutumia iPhone kati ya nyuzi joto 0 na 35 za hewa inayoizunguka. Ivue kava, iweke kivulini, subiri. Friji hapana, kwa sababu unyevu hujikusanya ndani.

Kioo cheusi: simu imekufa, au ni kioo tu?

Hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote, na linajibiwa kwa dakika moja.

1. Ipigie kutoka simu nyingine. Ikiita au ikitetemeka, bodi nzima, betri ipo, mfumo umewaka. Tatizo ni kioo au waya wake wa ndani.

2. Ichomeke kwenye kompyuta. Kompyuta ikitoa mlio au ikaonyesha jina la simu, jibu ni lile lile.

3. Ingia mahali penye giza, umulike kioo kwa tochi ukiwa umeilaza tochi pembeni. Kwenye vioo vya LCD, taa ya nyuma ikifa, picha bado huwepo kwa mbali, hafifu kama kivuli. Ukiona saa au ikoni zikionekana hivyo, taa ya kioo ndiyo imekufa. Vioo vya OLED havina taa ya nyuma, kwa hiyo hapo jaribio hili halisemi kitu.

4. Ukigusa kioo cheusi cha iPhone na simu ikaanza kuongea, kuna mtu kawasha VoiceOver, msaada wa wasioona. Ndani yake kuna kipengele kinachozima kioo makusudi huku simu ikiendelea na kazi. Gonga kioo mara tatu kwa vidole vitatu, kitarudi. Watoto ni hodari sana wa kuwasha vitu hivi.

Ukigundua ni kioo, simama hapo. Usifute kitu, usiflashi kitu, yaani usiiwekee simu mfumo upya. Kioo kikibadilishwa, kila kitu kitakuwa pale pale kilipokuwa. Na kama unahitaji picha au namba kabla ya kupata kioo kipya, baadhi ya simu zenye tundu la USB-C zinaweza kutoa picha kwenye televisheni au skrini ya kompyuta kwa kutumia adapta. Ukiongeza na panya ya kompyuta kwenye adapta hiyo hiyo, unaandika nenosiri na kunakili unachotaka bila kugusa kioo.

Lazimisha iwake upya

Kama haikuita, bado usiseme imekufa. Simu inaweza kuwa imeganda huku kioo kimezima: ipo hai lakini haisikii kitufe kikibonyezwa kawaida. Kuilazimisha iwake upya ni sawa na kuchomoa betri na kuirudisha, na hakufuti chochote.

Kwenye iPhone 8 na zote zilizofuata, pamoja na SE ya kizazi cha pili na cha tatu: bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na kukiachia haraka, bonyeza cha kupunguza sauti na kukiachia haraka, kisha shikilia kitufe cha pembeni bila kuachia hadi nembo ya tufaha itokee. Wengi hukosea hapa mwishoni: wanaachia mara tu kioo kinapoonyesha kitelezi cha kuzima, au kinapokuwa cheusi. Endelea kushikilia. iPhone 7 ni kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti. iPhone 6s na za kabla yake, pamoja na SE ya kwanza, ni kitufe cha kuwasha pamoja na kile cha duara cha mbele.

Kwenye Samsung, shikilia kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja kwa sekunde kumi hivi. Kwenye Pixel na Android nyingine nyingi, shikilia kitufe cha kuwasha peke yake kwa sekunde 30. Hesabu kweli, sekunde 30 ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa na wasiwasi. Kama simu yako ni ya zamani na betri inatoka, itoe, futa vile vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu, subiri nusu dakika, irudishe.

Chaji: geuza kitu kimoja kimoja

Betri ya lithiamu iliyoachwa tupu kwa siku nyingi hushuka chini ya volti inayotakiwa, na saketi ya ulinzi iliyo juu yake huikata. Ukiichomeka, simu huanza kwa kuilisha umeme kidogo sana mpaka ipate nguvu ya kupokea chaji ya kawaida. Muda wote huo kioo kinaweza kuwa cheusi bila alama yoyote. Iache angalau nusu saa, na saa nzima ni bora, kabla ya kuhukumu. Na usiwe unaibonyeza kila baada ya dakika mbili: kila jaribio la kuwaka linakula kile kidogo kilichoingia.

Tumia chaja ya ukutani. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta linatoa miliampea 500 tu, na simu iliyoishiwa kabisa inaweza kukesha hapo isiamke. Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza waya, kisha kichwa cha chaja, kisha soketi. Ukibadilisha vyote pamoja na ikawaka, hutajua kibovu ni kipi. Chaja hiyo hiyo ichomeke pia kwenye simu nyingine nzima; isipochaji na huko, umepata jibu.

Sasa lile tundu. Chomeka waya utazame kwa karibu: je, unaingia hadi mwisho na kukamata, au unabaki umechomoza kidogo na kulegea? Ukibaki nje, mara nyingi ndani kuna nyuzinyuzi za mfukoni. Kila unapochomeka waya unazisukuma nyuma na kuzishindilia, mpaka zinakuwa tabaka gumu la kijivu ambalo kwa juu juu utadhani ndiyo sakafu ya tundu. Mulika kwa tochi, uchungulie. Simu ikiwa imezimwa, anza na brashi laini kavu. Isipotosha, tumia kijiti cha meno cha mbao, ukipitisha ukutani mwa tundu na kuvuta nje, taratibu. Kwenye USB-C kuna kijiulimi chembamba katikati. Usikiguse na usikitumie kuegemea. Sindano, pini na klipu za chuma kaa nazo mbali, kwa sababu zinaunganisha miguu ya umeme isiyotakiwa kukutana.

Kama simu yako inakubali chaji isiyo ya waya, iweke juu ya pedi ya kuchajia. Njia hiyo hailipitii tundu kabisa. Ikichaji kwenye pedi na kukataa kwenye waya, ugonjwa uko kwenye tundu au bodi yake ndogo, na hilo ni badiliko dogo kwa fundi.

Simu ikionyesha alama ya betri, ikajaribu kuwaka, ikafa, ikaonyesha alama tena, maana yake chaji inaingia lakini haitoshi kuiwasha. Kuwaka kunahitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Iache kwenye chaji ikiwa imezimwa. Ikiwa hali ni hiyo hiyo baada ya saa kadhaa, mtuhumiwa wa kwanza ni betri iliyochoka.

Vua kava, toa kadi

Hili ni fupi, lakini limewaepusha watu wengi na safari ya kwa fundi. Simu inayoonyesha nembo, ikazima, ikaonyesha nembo tena kwa mpigo ule ule kama saa, inaweza kuwa tu na kitufe cha kuwasha kilichobanwa. Kumbuka kwamba kukishikilia kitufe hicho ndiko kunakoilazimisha iwake upya. Kava likikibana, simu inatii amri hiyo bila kikomo. Vua kava, bonyeza kitufe mara kadhaa usikilize: kinatakiwa kiingie, kilie na kurudi. Kikilala ndani bila kurudi, umempata mchawi.

Toa pia laini na memori kadi, ujaribu kuwasha bila hizo. Memori kadi inayokufa inaweza kuikwamisha simu wakati mfumo unajaribu kuisoma.

Inafika kwenye nembo na kukwama

Nembo ikionekana, kuna habari njema: kioo kinafanya kazi, betri ina kitu, na sehemu ya kwanza kabisa ya programu za kuwashia imepita. Kinachofuata ni mfumo wenyewe kupakiwa kutoka kwenye hifadhi, na hapo ndipo panapogoma. Mara nyingi sababu ni sasisho lililokatika katikati, hifadhi iliyojaa pomoni, au programu iliyoharibu kitu.

Kama ulikuwa unasasisha mfumo, usifanye lolote kwanza. Iweke kwenye chaji na uiache. Apple inashauri kungoja hadi mstari wa maendeleo ukae zaidi ya saa nzima bila kusogea ndipo uanze kuingilia kati, na ni kipimo kizuri hata kwa Android.

Kichocheo kinaweza kuwa kidogo kiasi cha kuchekesha. Mwaka 2020 picha moja ya ziwa huko Montana, Marekani, ilizitia simu nyingi za Android 10 kwenye mzunguko wa kuwaka na kuzima, kwa kuwekwa tu kama picha ya ukutani. Rangi zake zilikuwa za mpangilio ambao mfumo haukuweza kuukokotoa, na kila simu ilipowaka ilikutana na picha ile ile na kuanguka tena. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya iPhone: ukirudisha tarehe hadi Januari 1, 1970, simu inakataa kuwaka. Apple ilirekebisha hilo kwenye iOS 9.3. Kwa hiyo jiulize uligusa nini mwisho, hata kama kinaonekana hakihusiani. Lakini si kila mzunguko wa nembo ni wa programu. Januari 2016 LG ilikiri kwamba mzunguko wa simu zake za G4 ulitokana na vipande vilivyolegea kwenye bodi, na hapo hakuna kuflashi kunakotibu.

Kwa Android:

1. Jaribu hali salama. Washa simu, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kupunguza sauti hadi iwake yote. Kwenye simu nyingi utaona maneno "Safe mode" kwenye kona ya chini. Hapo programu zote ulizojiwekea zimelazwa. Simu ikiwaka hivi na kawaida haiwaki, mkosaji ni programu uliyoiweka. Kabla ya kumsaka, nakili picha na vitu vyako vya muhimu. Huenda hutapata nafasi nyingine. Kisha ondoa ulizoweka au kusasisha karibuni, moja moja, ukiwasha upya kila mara.

2. Ikikataa, ingia kwenye menyu ya uokoaji. Izime, kisha shikilia kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti pamoja. Kwenye Samsung za karibuni, lazima simu iwe imeunganishwa na kompyuta kwa waya ndipo ikubali. Mpangilio wa vitufe hutofautiana kwa kampuni na kampuni, kwa hiyo tafuta ule wa modeli yako hasa. Menyu ni ya Kiingereza na kioo hakikubali kuguswa: unasogea kwa vitufe vya sauti na kuchagua kwa kitufe cha kuwasha.

3. Chagua kwanza "Reboot system now". Isiposaidia, rudi uchague "Wipe cache partition" kama ipo. Inafuta mafaili ya muda tu, picha na namba zako haziguswi. Samsung za karibuni zina pia "Repair apps", nayo haifuti data zako. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza, maana mstari wa jirani ni "Wipe data/factory reset", na huo hauna huruma. Usiuguse bado.

Kwa iPhone utahitaji kompyuta. Mac mpya hutumia Finder. Windows hutumia iTunes au programu ya Apple Devices. Unganisha simu, fanya ule mpangilio wa kulazimisha kuwaka upya, lakini nembo ikitokea usiachie. Shikilia hadi uone picha ya waya ikielekea kwenye kompyuta. Kompyuta itakupa chaguo mbili, "Update" na "Restore". Chagua "Update": inaweka mfumo upya bila kugusa vitu vyako. "Restore" inafuta vyote. Upakuaji ukichukua zaidi ya dakika 15, simu inatoka kwenye hali hiyo yenyewe. Usihangaike, acha kompyuta imalize kupakua, kisha rudia vitufe.

Inawaka, halafu inajizima au programu zinaanguka

Simu inayozima ikiwa na asilimia 30 au 40, na ukiichomeka inawaka ikiwa na zile zile, ina betri iliyozeeka. Betri ikizeeka, ukinzani wa ndani hupanda. Chaji ipo, ila simu ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, labda kamera na flashi zimewashwa pamoja, volti inadondoka na simu inazima kujilinda. Baridi inaongeza tatizo hilo. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 2017 Apple ilipunguza kasi ya iPhone za zamani kwa sasisho la iOS 10.2.1, na baada ya malalamiko ikaongeza ukurasa wa afya ya betri kwenye iOS 11.3 mwaka 2018. Kwenye mipangilio ya betri utaiona asilimia ya uwezo uliobaki kwenye betri. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Jaribio rahisi kwa simu yoyote: itumie ikiwa kwenye chaji. Kama hapo haizimi kamwe, badilisha betri na uache kuwasumbua watu wa programu.

Kama inazima hata ikiwa kwenye chaji, angalia nafasi ya hifadhi. Mfumo unahitaji gigabaiti kadhaa tupu ili kupumua. Simu iliyobakiwa na megabaiti chache hugandaganda, programu zinafunga zenyewe, na siku moja ikizimwa haitawaka tena. Hamisha video kwanza, ndizo nzito.

Programu moja tu ikianguka kila mara, isimamishe kwa lazima, futa akiba yake ya muda, isasishe, na mwisho iondoe na kuiweka tena. Kwenye Android, kitufe cha kufuta akiba ya muda kipo jirani na cha kufuta data, na tofauti ni kubwa: cha pili kinairudisha programu kuwa mpya. Ukikibonyeza kwenye WhatsApp bila nakala rudufu, mazungumzo yamekwenda.

Programu nyingi zikianza kuanguka siku moja, usizilaumu moja moja. Machi 2021 programu kadhaa za Android, Gmail ikiwamo, zilikuwa zinafunga zenyewe duniani kote, na chanzo kilikuwa kipande kimoja kinachotumiwa na zote, Android System WebView, kilichosasishwa vibaya. Dawa ilikuwa kuondoa sasisho la kipande hicho, baadaye Google ikatoa lililorekebishwa. Katika hali kama hiyo, kusubiri siku moja ni bora kuliko kufuta simu.

Kuna dalili moja ya iPhone inayowachosha wengi: inawaka vizuri, unaitumia, na kila baada ya dakika tatu hivi inajiwasha upya. Mpigo huo wa dakika tatu si bahati mbaya. Mfumo unangoja ripoti kutoka kwenye vihisi fulani vya joto na vinginevyo. Zikipita sekunde 180 bila ripoti, unajiwasha upya. Mara nyingi hutokea baada ya kubadilishwa tundu la chaji au betri kwa kipuri duni ambacho hakina kihisi hicho, au waya wake haukukaa. Kwenye mipangilio ya faragha na usalama, sehemu ya data za uchambuzi, tafuta mafaili yanayoanza na "panic-full". Fundi anayejua kazi atayasoma na kukuambia ni kihisi kipi. Asiyejua atakuambia bodi imekufa.

Kufuta kila kitu

Ukifika hapa umeshajaribu yote ya juu. Kabla ya kufuta, fanya mambo mawili. Ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple kupitia kifaa kingine uone ni nini hasa kimehifadhiwa huko. Watu wengi hudhani picha zao ziko huko, kumbe uhifadhi ulisimama zamani nafasi ilipojaa. Na hakikisha unaijua barua pepe na nenosiri la akaunti iliyo kwenye simu. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kupitia menyu ya uokoaji huomba akaunti ya mwisho ya Google ndipo ifunguke. iPhone ina kufuli kama hilo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Ukifuta bila kulijua nenosiri, utakuwa umetoka kwenye simu isiyowaka na kuingia kwenye simu inayowaka lakini imefungwa.

Kuflashi Android ni hatua ya mwisho kabisa, na ina sharti moja: faili liwe la namba kamili ya modeli yako, si la jina tu. Simu zenye jina moja la sokoni huweza kuwa na modeli nne tofauti ndani, na faili la modeli nyingine linaweza kuizima kabisa simu iliyokuwa na kasoro ndogo.

Ukimpelekea fundi

Mwambie inafika wapi, nini kilitokea kabla yake, na ulichokwisha kujaribu. Kama data ndiyo muhimu kuliko simu, liseme hilo mwanzo kabisa, kwa sababu linabadilisha namna atakavyofanya kazi: atalenga kuifufua bodi ile ile hata kwa saa moja, badala ya kukubadilishia.

Fundi mzuri wa bodi huanza kwa kuunganisha simu na kifaa cha kutoa umeme chenye mita, na kutazama ampea. Ikivuta umeme kabla hata hajabonyeza kitufe, kuna shoti. Akibonyeza na mshale usitikisike, njia ya umeme imekatika mahali au kitufe hakifiki. Ikipanda na kushuka kama simu nzima inayowaka, basi inawaka kweli na tatizo ni kioo. Akikimbilia kuiflashi kabla ya kupima chochote, ichukue simu yako.

Toa laini na memori kadi ubaki nazo. Nenosiri la simu mpe tu kama kazi inalihitaji, na kubadilisha tundu la chaji hakulihitaji. Kama simu bado inawaka, Samsung na Pixel za karibuni zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio, inayomruhusu fundi kuijaribu bila kuona picha wala ujumbe wako. Iwashe kabla ya kuikabidhi. Na kipuri cha zamani kikitolewa, omba ukabidhiwe, kasoro betri iliyovimba, ambayo ni bora ibaki kwake akaitupe panapostahili.